Hadaa ya Mtandao na Dhima ya Jirani

Ndabibi ni nchi tambarare iliyo magharibi ya Ziwa Naivasha, chini ya milima ya Eburru, na ardhi yake, ambayo katika zama za walowezi ilikuwa malisho ya ng'ombe wa Gilbert Colvile na baada ya uhuru ikawa shamba la Shirika la Maendeleo ya Kilimo, leo imegawanyika katika vishamba vya wakulima na wafugaji waliotoka pande nyingi za Kenya. Mkazi wa huko akisikia habari za watoto wanaonunuliwa kwa njia ya mtandao, aghalabu hudhani kwamba hayo ni mambo ya Nairobi, ya hoteli za pwani au ya miji ya ughaibuni, ambayo hayamhusu mtu anayelima mahindi na kukama ng'ombe wawili. Makala haya yanakusudia kuipima dhana hiyo na kuonyesha kwamba baadhi ya kesi mashuhuri za kuwadhulumu watoto zimetokea humu humu Bonde la Ufa, na kwamba chini ya kila mojawapo palikuwa na kitu cha kale sana, nacho ni imani ambayo mtoto na wazazi wake walimpa mtu wa karibu. Tukilikubali hilo tutatambua pia kwamba upungufu wetu mkubwa hauko katika sheria, ambazo tunazo tele. Uko katika ncha mbili za safari ya mtoto aliyedhulumiwa, yaani mtu mzima wa kwanza anayesikia habari yake, na mtu anayebaki naye wakati kesi imekwisha na wageni wameondoka.

Ama kwanza inafaa kuyapambanua mambo mawili ambayo huchanganywa. Usafirishaji haramu wa binadamu, kwa mujibu wa Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ambayo Kenya ilijiunga nayo mwaka 2005, husimama juu ya nguzo tatu: kitendo cha kumchukua, kumhamisha au kumhifadhi mtu, njia iliyotumika, kama vile nguvu, hadaa au kuutumia vibaya unyonge wake, na kusudio la kumnyonya. Kwa aliye chini ya miaka 18 nguzo ya pili haitakiwi, maana ridhaa ya mtoto katika kunyonywa kwake haina uzito wowote mbele ya sheria. Wala si sharti avuke mpaka. Binti wa miaka 13 anayetolewa Ndabibi kwa ahadi ya kusomeshwa, akafikishwa Nakuru mjini na kutumikishwa tangu alfajiri hadi usiku bila ujira wala shule, amesafirishwa kiharamu sawasawa na yule aliyepandishwa ndege. Unyonyaji wa mtandaoni nao una sura zake: kupiga na kusambaza picha na video za mtoto anayedhulumiwa, kumzoea mtoto kwa maneno matamu hadi akubali ombi la aibu, kumtisha kwa picha aliyokwisha kuituma, na kumwamuru mtu aliye karibu naye amdhulumu mbele ya kamera huku mlipaji akitazama kutoka mbali. Dhuluma hizi mbili hukutana pale msafirishaji anapomtafuta mtoto kwa simu, anapomtangaza kwa simu na kupokea malipo kwa simu.

Kumfanya mtoto kuwa bidhaa hakukuzaliwa na simu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliotia saini Sayyid Barghash, na katika mwambao wa Kenya utumwa haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907. Na hata hapo, katika nyanda za walowezi, watoto waliendelea kuandikwa kazi za kuchunga mifugo na kuchuma pareto kwa ujira ambao mtu mzima asingeukubali. Lililozidishwa na mtandao ni mambo matatu. Njia ya mnunuzi imefupishwa, hata asihitaji kusafiri wala kujulikana na mlinzi wa nyumba ya wageni. Sura yake imefichwa nyuma ya jina la bandia na picha ya kuazima. Na madhara yamedumishwa, kwa kuwa tendo ambalo zamani liliishia katika kumbukumbu ya mtendaji na mtendwa, leo hubaki kama picha inayoweza kunakiliwa na kutazamwa na watu wasiojulikana hata baada ya mtoto mwenyewe kuwa mzazi.

Mfano wa kwanza ulitokea Gilgil, ng'ambo ya milima ile ile ya Eburru. Mwingereza aitwaye Simon Harris aliishi katika mji huo akiendesha shirika la hisani lililoshughulika na elimu, na watoto wa mitaani, waliokuwa wakilala vibarazani na kuvuta gundi ili wasahau njaa, walimjua kama mtu mwenye gari, chakula na kitanda. Desemba 2014 mahakama ya Birmingham ilimtia hatiani kwa kuwadhulumu wavulana wa Gilgil, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 17 na miezi minne. Mashahidi hawakupelekwa Uingereza. Walitoa ushahidi wao kutoka Kenya kwa njia ya video, na mashtaka yalisimama juu ya kifungu cha 72 cha sheria ya Uingereza ya makosa ya kingono ya mwaka 2003, kinachoruhusu raia wa nchi hiyo ashtakiwe kwao kwa kosa alilolitenda ugenini. Teknolojia ile ile inayolaumiwa kwa kumleta mnunuzi mlangoni ndiyo iliyomwezesha kijana wa Gilgil kusikika na baraza la wazee wa mahakama huko Birmingham bila ya kulipa nauli.

Mfano wa pili unatoka Boito, katika kaunti ya Bomet, ambako Mmarekani Gregory Dow alifungua makao ya watoto yatima mwaka 2008. Mtu huyu alikwisha kuhukumiwa katika jimbo la Iowa mwaka 1996 kwa kosa la kushambulia kwa nia ya dhuluma ya kingono, na habari hiyo ilikuwa katika kumbukumbu za wazi za kwao, lakini hapakuwa na mtu hapa aliyeiuliza. Mwaka 2017, tuhuma zilipozagaa, alikimbilia Pennsylvania. Mwaka 2020 akakiri mashtaka ya kuwadhulumu wasichana wanne waliokuwa chini ya ulinzi wake, na Februari 2021 akafungwa miaka 15 na miezi minane. Katika kesi hizi mbili aliyedhulumu alikuwa mfadhili, aliyepokewa kwa heshima na wachungaji, walimu na machifu, na kila alipotiliwa shaka alisitiriwa na hisani yake mwenyewe. Jamii maskini huona vigumu kumhoji mtu anayelipa karo, na wanaowinda watoto wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Serikali haikulipuuza funzo hilo. Mwaka 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na baadaye ikatoa Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi wa mwaka 2022 hadi 2032, ambao azma yake ni kuwatoa watoto katika makao na kuwarejesha katika jamaa zao au kuwapeleka katika familia za kuwalea. Kwa kaunti ya Nakuru, ambayo baada ya ghasia za mwaka 2007 na 2008 ilijaa wakimbizi wa ndani na makao ya kila namna ya hisani, mageuzi haya ni jambo zito, kwa kuwa mtoto anayerudishwa kwa bibi aliye fukara bila msaada wowote hurudishwa katika hali ile ile iliyomtoa nyumbani.

Mfano wa tatu ni wa karibuni, na umezua ubishi. Maai Mahiu ni mji wa njia panda chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, ambapo barabara ya Narok huachana na ile ya Naivasha, na madereva wa malori yanayokwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo hulala hapo. Agosti 2025 shirika la utangazaji la BBC lilitangaza uchunguzi wake wa siri, ulioonyesha wanawake wanaojigamba kwamba huwapatia wateja wasichana wadogo, wengine wa miaka 13. Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, aliliambia Bunge kwamba waliohojiwa kama manusura walikuwa watu wazima na kwamba filamu ile ilikuwa ya kuhadaa. BBC nayo ikashikilia kauli yake. Msomaji wa kawaida hana uwezo wa kuwa kadhi baina ya pande hizo mbili, lakini anaweza kutambua kwamba mjadala wote uligeuka kuwa wa heshima ya nchi, na kwamba swali lililopaswa kuulizwa mara moja, yaani kama katika vyumba vya Maai Mahiu mnalazwa watoto usiku huu, lilisukumwa pembeni. Mji huo, uliopigwa na mafuriko mabaya tarehe 29 Aprili 2024 na kuacha jamaa nyingi bila makazi, una kila sababu ya kuchunguzwa hata kama filamu hiyo isingalipigwa kabisa.

Mifano mitatu haitoshi kupima ukubwa wa jambo, kwa hiyo tuangalie utafiti. Mwaka 2021 ECPAT, INTERPOL na UNICEF walitoa ripoti ya uchunguzi wao wa Kenya, ambamo watoto 1,014 wa umri wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walihojiwa. Ripoti ilikadiria kwamba kati ya asilimia 5 na 13 ya watoto wa namna hiyo walikuwa wamepatwa na dhuluma ya wazi ya kingono mtandaoni katika mwaka mmoja tu uliotangulia. Lenye uzito zaidi ya tarakimu hizo ni kwamba mara nyingi mtendaji alikuwa mtu ambaye mtoto alimjua tangu awali, na kwamba walio wengi hawakuipeleka habari yao kwa polisi wala kwa simu ya msaada. Walimwambia rafiki, au walinyamaza. Hivyo picha ya mzee wa kizungu aliyejificha nyuma ya kompyuta, ijapokuwa ina ukweli wake, imetufanya tusiwatazame mjomba, mpenzi wa mama, jirani wa ploti, mwalimu wa ziada na kijana wa bodaboda anayempeleka mtoto shuleni kila asubuhi.

Namna hadaa inavyotendeka inastahili kutazamwa kwa karibu. Tangu Julai 2020, Safaricom ilipoanza mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, simu janja imeweza kuingia katika nyumba ambayo haina umeme wa uhakika, na mwaka huo huo shule zilifungwa kuanzia Machi, zisirudi kikamilifu hadi Januari 2021, watoto wakashinda na simu za wazazi. Mama anayefanya kazi katika shamba la maua huondoka kabla ya mapambazuko na kurudi jioni, na katika msimu wa Valentino hurudi usiku. Ujumbe wa kwanza ambao binti yake hupokea hauna ubaya wowote: anaulizwa kama amekula, anasifiwa picha yake, anaahidiwa bando. Bando hufika kweli. Kisha huombwa wahamie WhatsApp, kwa kuwa huko hakuna watu. Huombwa picha ya uso, halafu ya mwili, na kila mara huambiwa kwamba wenzake wote wamekwisha kutuma. Siku anapokataa ndipo lugha hugeuka: picha zile zitapelekwa kwa mwalimu mkuu na katika kikundi cha kwaya, isipokuwa atume nyingine, au atume pesa, au aje Naivasha mjini Jumamosi saa nane. Katika mlolongo huo wote mtoto hakuvunja mlango wala kutoroka. Alikuwa kitandani kwake, na mdogo wake amelala kando.

Sheria za kukabiliana na haya zipo, na zina meno. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, ambayo Njoki Ndung'u aliipigania Bungeni, ilitaja utalii wa kingono unaowahusu watoto na picha zao chafu wakati ambapo Wakenya wengi walikuwa hawajaiona intaneti. Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika 2012, imeweka kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, ikaunda hazina ya kuwaauni wahanga, na ikakataza mhanga asishtakiwe kwa makosa yaliyotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2018 ilifikisha adhabu ya picha za dhuluma ya watoto hadi miaka 25 gerezani au faini ya milioni 20; lakini kifungu hicho kilikuwa miongoni mwa vifungu 26 vilivyosimamishwa na Mahakama Kuu kabla havijaanza kazi, kwa sababu wanahabari na wanablogu walihofia vingine vyake vingewaziba midomo, na hakikufunguliwa hadi Februari 2020. Kwa karibu miaka miwili, kinga ya mtoto ilikaa kifungoni pamoja na vifungu vya kisiasa ambavyo havikumhusu, nalo ni onyo kwa wanaotunga sheria za kuchanganya mambo. Hatimaye Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikayataja bayana madhila ya mtandaoni, na ukatolewa Mpango wa Kitaifa wa 2022 hadi 2026 wa kuyakabili.

Utekelezaji ndio unaosuasua. Idara ya Upelelezi wa Jinai ina kitengo mahususi cha kupambana na usafirishaji haramu na kuwalinda watoto, chenye wapelelezi wanaojua kufuata nyayo za kidijitali, lakini kitengo hicho hakipatikani katika kila kituo cha polisi, na askari anayepokea malalamiko kijijini huenda hajawahi kuandaa cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, ambacho bila hicho ujumbe uliotolewa katika simu unaweza kukataliwa mahakamani. Kwa upande mwingine sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 124, inamruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake katika kesi za kingono, maadamu ameridhika kwamba mtoto anasema kweli na ameandika sababu zake. Si wazazi wengi wanaolijua hilo, na wako wanaoacha kesi wakidhani kwamba neno la mtoto mbele ya neno la mtu mzima ni bure.

Kampuni zinazomiliki mitandao zina dhima ambayo haiwezi kubebwa na askari wa kijiji. Sheria ya Marekani inazilazimisha kampuni za huko kuripoti picha za dhuluma zinazoziona kwa kituo cha kitaifa cha watoto waliopotea na walionyonywa, na mwaka 2023 kituo hicho kilipokea ripoti zaidi ya milioni 36 kutoka duniani kote, nyingi zikihusu nchi nyingine, ambazo polisi wake hupelekewa. Tangu mwaka 2009 ipo programu ya PhotoDNA, ambayo huipa kila picha inayojulikana alama yake ya pekee ili ikipandishwa tena itambuliwe papo hapo. Lakini programu hiyo haiijui picha iliyopigwa leo asubuhi, wala haioni ndani ya mazungumzo yaliyofungwa kwa namna ambayo hata mwenye mtandao hawezi kuyasoma. Usiri huo una faida kwa mtu mwema na kwa mwovu pia, na ubishi wake haujapata suluhu popote. Machi 2025 BBC iliripoti kwamba wasichana wa Kenya, wengine wa miaka 15, hutumiwa katika matangazo ya moja kwa moja ya TikTok yenye maana ya kingono, huku mtandao wenyewe ukichukua fungu kubwa la zawadi wanazotumiwa. Mwezi uliofuata Mamlaka ya Mawasiliano ikatoa mwongozo kwa kampuni juu ya usalama wa watoto mtandaoni. Mwongozo unaanza kuwa na maana pale mamlaka inapouliza faida imekwenda wapi, kwa sababu kampuni inayokata asilimia katika malipo haiwezi kudai kwamba haikujua malipo yamefanyika.

Yafaa tukumbuke pia kwamba wanaochambua machafu haya ili sisi tusiyaone ni vijana wa bara letu. Daniel Motaung, aliyefanya kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook jijini Nairobi, alifungua kesi mwaka 2022 juu ya madhara ya akili aliyoyapata, wengine zaidi ya mia wakafuata, na mwaka 2024 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Meta, kampuni inayomiliki Facebook, inaweza kushtakiwa Kenya. Ikiwa mtu mzima anayelipwa kutazama huvunjika moyo kiasi hicho, hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha hali ya mtoto aliye ndani ya picha.

Turudi sasa kwa mtu mzima wa kwanza. Tuchukue mama wa Ndabibi ambaye jioni moja ameishika simu ya binti yake akasoma asiyotaka kuyasoma. Ghadhabu humwelekeza kwenye mambo matatu, na yote matatu humsaidia mkosaji. La kwanza ni kuivunja simu au kufuta ujumbe, na kwa kufanya hivyo huteketeza ushahidi, nambari na tarehe. La pili ni kumpiga mtoto, naye hujifunza kwamba kimya kilikuwa salama zaidi. La tatu ni kuirusha picha katika kikundi cha kijiji ili mwovu aumbuke. Huyu naye, kwa nia njema kabisa, amesambaza picha chafu ya mtoto, na sheria haimbagui. Kuna na la nne, ambalo ni la wanaume: kuitisha kikao kwa mzee wa kijiji au chifu, kukadiria mbuzi au elfu kadhaa, na kupeana mikono. Sheria ya mwaka 2006, katika kifungu cha 40, imeitoa kesi ya aina hii mikononi mwa wazazi na hata mwa polisi. Hakuna wa kuamua kwamba imekwisha ila mwendesha mashtaka mkuu wa serikali, wala mbuzi haiondoi.

Linalompasa mama huyo si gumu. Amwambie mtoto kwamba hakukosa, na aliseme kwa maneno, kwa sababu mtoto hawezi kulikisia. Aiache simu kama ilivyo, asimjibu mkosaji, na asilipe hata senti, kwa kuwa anayelipwa mara moja hudai mara ya pili. Apige 116, simu ya bure ya watoto inayohudumu nchi nzima, au amwendee afisa wa watoto au dawati la jinsia katika kituo cha polisi. Kama mtoto ameguswa mwili, hospitali ije kabla ya yote, kwa maana dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na fomu ya P3 itakayojazwa na daktari ndiyo itakayosema mahakamani wakati mtoto ameishiwa maneno. Hayo ni mambo ya kukaririwa katika kikao cha wazazi shuleni, msikitini na kanisani, pamoja na wahudumu wa afya wa jamii ambao tayari huingia katika kila nyumba.

Ama manusura, hao ndio tunaowasahau kwa haraka zaidi. Neno la kuokoa lina mvuto. Hupigiwa picha, huandikiwa habari, na wafadhili hulipenda. Lakini kuokolewa ni kazi ya siku moja, na linalofuata ni kazi ya miaka. Mtoto aliyetolewa katika nyumba ya biashara huhitaji mahali pa kulala usiku ule ule, na makao ya dharura yaliyo salama ni machache, mengi yakiendeshwa na mashirika kama HAART, lililoanzishwa mwaka 2010, ambayo hutegemea misaada inayokuja na kukoma. Na ilhali ya wasichana ni machache, ya wavulana ni adimu zaidi, kana kwamba watoto wa Gilgil hawakuwa wavulana. Baadaye huja mahakama, na kesi inayoahirishwa mara kwa mara humlazimu msichana aliyedhulumiwa akiwa na miaka 12 kusimulia yale yale akiwa na 15, wakati amekwisha kuanza kuyasahau. Sheria inaruhusu asikilizwe nyuma ya pazia, kwa video, au kupitia mtu wa kumsemea; ruhusa hiyo ingefaa kuwa desturi ya kila mahakama, Naivasha na kwingineko.

Halafu kuna kurudi nyumbani, na hapa ndipo juhudi nyingi huangukia patupu. Kama aliyempeleka mjini alikuwa shangazi yake, kumrejesha kwa shangazi ni kumrudisha sokoni. Kama deni la mama kwa mwenye duka ndilo lililomtoa, nalo halijalipwa, atatolewa tena. Kama darasani wenzake waliiona picha, hatarudi katika shule ile, na asipotafutiwa nyingine hatarudi shuleni kabisa. Wanaorejea kutoka Ghuba wakiwa na pasi iliyonyang'anywa na mshahara usiolipwa, na vijana ambao tangu mwaka 2022 wamehadaiwa kwa matangazo ya kazi ya mtandaoni hadi wakajikuta katika vituo vya utapeli vya Myanmar, hulalamika jambo lile lile: kijiji kilikusanya nauli yao, na sasa kinawauliza faida iko wapi. Aliyetumikishwa hurudi akiwa mdaiwa, na fedheha humsukuma mikononi mwa wakala wa pili.

Kwa hiyo msaada wa manusura ambao hautazami riziki ya nyumba ni nusu ya msaada. Unahitajika ushauri nasaha wa muda mrefu, unaotolewa kwa lugha ya mtoto na katika mahali ambapo kuingia kwake hakumtangazi. Unahitajika mtaji mdogo au ufundi kwa mlezi. Na unahitajika mtu mmoja anayetajwa kwa jina, awe afisa wa watoto au wa shirika, ambaye atamtembelea mtoto huyo mwezi wa pili, wa sita, na mwaka wa pili. Hazina ya wahanga iliyoundwa na sheria ya 2010 ingeweza kuyabeba hayo kama ingejazwa kwa ukarimu unaolingana na ukali wa adhabu zilizoandikwa katika sheria hiyo hiyo. Nchi iliyoweza kuandika miaka 30 kwa mkosaji haishindwi kuandika miaka miwili ya karo na matunzo kwa aliyekosewa.

Kuna wanaosema dawa ni moja: watoto wasipewe simu. Hoja hii ina chembe ya haki kwa wadogo sana, lakini haisimami kwa ujumla, kwanza kwa sababu simu aghalabu ni ya mzazi, pili kwa sababu kazi za shule na fomu za serikali zimehamia humo, na tatu kwa sababu mtoto anayetishwa na anayeogopa kunyang'anywa simu hatasema kamwe. Kumnyang'anya aliyekosewa chombo chake cha kuombea msaada ni kumwadhibu badala ya mkosaji. Wengine husema umaskini ndio asili, na ukiisha yote yataisha. Umaskini hufungua mlango, hilo halina shaka. Lakini kila mlango uliofunguliwa una mtu aliyeingia, naye ana pesa, na pesa hizo siku hizi hupita katika M-Pesa zikiacha jina, saa na nambari. Kumfuata mlipaji kwa nyayo hizo ni rahisi kuliko kungoja dunia nzima itajirike, na ni aibu kwamba wasichana na wapokeaji wao hukamatwa kila mara ilhali mteja hupita.

Tukiyajumlisha haya, kipimo cha mafanikio yetu kinapaswa kubadilika. Hesabu za misako, za warsha na za watu waliokamatwa zina mahali pake, lakini hazituambii kama mtoto ametengenea. Kaunti ya Nakuru ingefaa itangaze kila mwaka, bila kutaja jina la mtoto hata mmoja, ni wangapi waliopokewa, ni kesi ngapi zilizofika hukumu na baada ya muda gani, na ni wangapi kati ya waliorudishwa makwao ambao baada ya miaka miwili bado wako shuleni na salama. Mamlaka ya Mawasiliano ingefaa izitake kampuni za mitandao hesabu kama hiyo. Na Ndabibi, ambayo haina kampuni wala kitengo cha upelelezi, inaweza kuanza na lililo ndani ya uwezo wake: kumhoji kila mfadhili na kila wakala anayekuja na ahadi nzuri, kukataa kikao cha mbuzi, na kuwa na watu watatu au wanne wanaojulikana na kila mtoto, ambao ataweza kuwaambia jambo zito akiwa na hakika kwamba hatapigwa, hatachekwa, na hatarudishwa kwa aliyemdhulumu.